Siku Mia Mbili na Tatu za Robine Namba 9

Gisenyi, 2 Februari 2024

Mukobwa wangu, binti Uwera,

Nakuandikia na mukono yangu mwenyewe juu sitaki kukupigia. Nikikupigia utasema "shikamoo mzee" na ile sauti yako ya Tanzania, mi nitacheka, na leo sitaki kucheka. Bahasha nimeinunua na kuiandika pale pale ku agence ya basi. Mama wa pale ameona jina yako juu ya bahasha, akaniuliza kama we ni muchumba wangu. Nimemujibu ndiyo, lakini ameniacha akaenda Kigali.

Bon. Maneno ni hii. Bomba mupya imefika. Watu wa mradi wa maji wanachimba tangu Jumatatu, wanaume kumi na mbili na chepe. Mi nikavaa kofia ya kanisa, nikakaa karibu na robine yangu namba 9, funguo mukononi, nikingoja wafike. Hawakufika. Walikata kona pale kwa fundi wa pikipiki, wakashuka mupaka kwa Bizimana. Bizimana, Uwera. Ile robine yake namba 12 inatoa maji mara ine kwa juma. Yangu imetoa mara mbili tangu Noeli, na mara ya pili ilikuwa kikohozi tu.

Nikamuuliza mukubwa wao. Akafungua telefone, akanionyesha ile karata yenu ya madoadoa, ramani ya robine zote. Akasema, "Muzee, tunafuata hii. Vijana wenu wa Gisenyi njo waliitengeneza, iko wazi kwa kila mutu. Kwako iko kijani. Kwa Bizimana iko nyekundu. Tunaanza na wenye shida."

Nikamwambia shida iko mbele yake, imevaa kofia. Akacheka, akaenda.

Sasa nikukumbushe, juu Kigali inasahaulisha watu. We njo ulikuja hapa mwaka jana na wale wenzako thelathini, wale wanatengeneza kurasa za mutandao kwa mahoteli na makanisa. Mukafanya kikundi yenu, Wavuti Rubavu. Mukasema mumechoka kutengenezea mahoteli picha za vitanda, munataka kufanya kitu ya raia. Mwezi wa sita, kisha umuganda, ile kazi ya raia ya mwisho wa mwezi, mukatukusanya walinzi wa robine wote, mukatupa mugati na fanta, mukasema: kila asubuhi tuma 1 kama maji iko, tuma 0 kama haiko. Kila mutu ataona, hakuna mukubwa ataweza kuficha, na maji itakuja. Maneno ile ilitoka ku kinywa yako. Mi nilikuwa kiti ya mbele, nilikuwa na mugati yako ku meno.

Donc niambie. Bizimana amekupa nini? Mbuzi? Binamu yake wa kukuoa? Kama ni binamu, angalia muzuri, ile familia wote wanakoroma.

Nataniana na we juu sina kingine cha kufanya. Lakini Saidati, muke wa mutoto wangu Niyonzima, kila siku anashuka ziwani na bidoni mbili za maji mbele ya kwenda Petite Barrière, pale mupakani, na nyanya zake. Njia iko mawe matupu. Na mi mwenye funguo ya maji nanawa uso na maji yenye bibi ya mutoto wangu amebeba. Hii haya nitaipeleka wapi?

Mumetuuza. Nataka kujua ni nani.

Wellars Gakwaya,
mulinzi wa robine namba 9, kwa sasa


Kigali, 7 Februari 2024

Mzee wangu Wellars,

Shikamoo. Najua hukutaka kuisikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Barua yako imenifikia jana na nimeisoma mara tatu. Bizimana hakunipa mbuzi wala binamu. Hakuna aliyekuuza, Mzee. Naomba uniamini katika hilo kabla hatujaendelea.

Nilipofika kazini asubuhi nilifungua jedwali lenyewe. Unajua kwamba tangu Novemba, tulipoonyesha ukurasa wetu kwenye ule mkutano mkubwa hapa Kigali, nilipata kazi huku, na sasa ukurasa unaangaliwa na Jado na wenzake waliobaki Gisenyi. Lakini jedwali liko wazi kwa kila mtu, hata mimi nalifungua kama mtu mwingine yeyote. Kuanzia tarehe mosi Julai hadi 26 Januari ni siku 210. Siku 203, simu yako imetuma 1. Siku saba haikutuma kitu. Sifuri haimo hata moja.

Mradi wa maji walichukua hesabu hiyo kama ilivyo. Kwao, robine namba 9 ndiyo yenye maji kuliko zote katika wilaya nzima.

Nimeshangaa kama ulivyoshangaa wewe. Kuna mtu mwingine anayeshika simu yako? Au inajituma yenyewe? Niambie ukweli tu, ili nijue pa kuanzia.

Msalimie Saidati. Mwambie naikumbuka chai yake.

Uwera Umuhire


Gisenyi, 12 Februari 2024

Uwera,

Hakuna mutu anashika telefone yangu. Hata mi mwenyewe naishika kidogo, juu vibonye vyake viko vidogo na vidole vyangu vilizaliwa kwa kubeba magunia.

Mi njo nilituma.

Kaa chini, nikueleze. Usimwambie mutu kazini kwako ukicheka.

Nilipokuwa kijana kule Masisi, nilifanya kazi ku shamba ya chai. Kila asubuhi capita, musimamizi wetu, anasimama na kitabu, anaita namba. Unajibu "présent". Ukijibu, uko mutu wa kazi. Ukinyamaza, ile siku hukuwa mutu. Hawaulizi kama majani ya chai iko mingi ao kidogo. Wanauliza kama we uko. Nilijibu vile miaka kumi na moja.

Basi mukanipa namba 9. Mukasema kila asubuhi nitume. Mi nikaamuka, nikavaa, nikafungua kufuli, nikafuta vumbi juu ya robine, nikatuma 1. Wellars iko. Wellars ameamuka. Sufuri ni ya mutu mwenye amelala. Nani atajiandikia kwamba amelala, kisha apeleke kwa wakubwa?

Unafikiri ni mi peke yangu? Muulize Bizimana. Nimemuuliza jana, na nusu nimupige na fimbo. Alikuwa anatuma 0 siku yenye amechelewa kuamuka. Maji ilikuwa inatoka, watu wanachota, yeye anafika na matongotongo, anatuma sufuri juu ya haya. Uvivu yake imemuletea bomba. Mi bidii yangu imeniletea kijani.

Kulikuwa na kingine. Ile siku ya mwezi wa nane mulituita, mukatupa karata ku ukuta na ile taa ya sinema. We ukaonyesha doa ya kijani, ukasema, "Hii ni ya Mzee Wellars, hajakosa hata siku moja." Watu wakapiga makofi. Uwera, mi niko na miaka sabini na mbili. Makofi ya mwisho nilipata ku ndoa yangu, na ile ilikuwa ya bibi. Kisha pale, hata nilianza kuelewa kwamba munauliza maji. Nilielewa muzuri. Lakini kesho yake robine ilikuwa imekauka kama kisigino yangu, mi nikaitazama, yenyewe ikanitazama, nikatuma 1.

Zile siku saba nilikuwa Goma ku ndoa ya mutoto wa Kadiri, muloko, ndugu yangu. Saidati anasema katika zile siku saba maji ilitoka tatu. Cheka sasa.

Hata we ulipokuja mwezi wa kumi kunisalimia, ile chai ulikunywa ilikuwa maji ya ziwani. Nilimukataza Saidati kusema. Mugeni haambiwi kwamba nyumbani kwa mulinzi wa maji hakuna maji.

Bon. Nimesema. Sasa futa zile moja zangu, weka sufuri. We uko na funguo ya ile kompyuta kama mi niko na funguo ya robine. Fanya pole pole, hakuna mutu ataona.

Nisamehe kwa ile maneno ya kuuza. Nilikuwa na hasira.

Muzee wako Wellars


Kigali, 17 Februari 2024

Mzee wangu,

Asante kwa kunieleza. Sikucheka. Labda kidogo, pale kwenye matongotongo.

Siwezi kufuta. Hata ningekuwa bado nina ruhusa, nisingefanya. Kitu ambacho watu wote wanakitegemea hakibadilishwi kimyakimya na mtu mmoja anayejua nywila. Tukianza hivyo kwa ajili ya rafiki, kesho mwingine atafanya kwa ajili ya shamba lake, na ukurasa wote utakuwa uvumi kama uvumi mwingine.

Njia iko moja, na ni ngumu. Nimeuliza watu wa mradi: orodha ya awamu ya pili inafungwa tarehe 15 Machi. Mlinzi mwenyewe akisimama kwenye mkutano wa wananchi wa Jumanne, mbele ya majirani na mbele ya mtu wa mradi, akasema kwamba taarifa zake hazikuwa za kweli, watakuja kukagua robine namba 9, na inaweza kuingia. Jumanne ya tarehe 5 Machi mtu wa mradi atakuwepo.

Najua ninachokuomba. Ningejua mapema ningekuja kukaa nawe pale kwenye robine wiki nzima, tukayamaliza kabla hayajafika huku. Lakini sikujua, na sasa imebaki wewe.

Nimekuandikia maneno ya kusoma, ili usihangaike kuyatafuta. Yako kwenye karatasi ya pili:

"Mimi Wellars Gakwaya, mlinzi wa robine namba 9, kuanzia Julai mwaka jana nilituma taarifa zisizo za kweli kuhusu maji. Nilifanya hivyo peke yangu, bila watengenezaji wa ukurasa kujua. Naomba robine ikaguliwe."

Soma hivyo hivyo, usiongeze wala usipunguze. Mtu wa mradi anaandika kila neno.

Samahani sitaweza kuja. Kazi imenibana.

Uwera


Gisenyi, 29 Februari 2024

Uwera,

Saidati ameanguka. Jumapili, ku yale mawe ya kupandia kutoka ziwani, bidoni ku mugongo. Mukono umevunjika hapa juu ya kiganja. Daktari amemufunga plasta, amesema juma sita. Nyanya zake zimebaki ndani zinaoza, juu Petite Barrière haupiti na mukono moja, kule watu wanasukumana. Niyonzima sasa njo anashuka ziwani. Xavérine wa mulango wa pili anatuletea bidoni moja, anaiweka chini mbele yangu pole pole, anatazama funguo ku shingo yangu, anaenda.  Afadhali angenitukana.

Nilikuwa nimefundisha kinywa yangu ile karatasi yako. Nilikuwa naisema nikitembea. Nilikuwa tayari.

Jana Jado alikuja kupiga robine picha kwa ajili ya wale wa kukagua. Muzuri sana, mutoto mwenye adabu, akakaa, tukaongea. Nikamwambia, "Masikini Uwera, nimemufanyia aibu na hakujua kitu." Jado akanigeukia. Akanitazama kama mutu anatazama nyama kama imeoza. Kisha akasema, "Muzee, mi nilifikiri mulishaongea."

Akanionyesha ku telefone. Kumbe ile kikundi yenu ya watu thelathini, yenye kila kitu iko wazi, iko na chumba kingine ndani, ya watu watano, yenye iko na kufuli. Si wote wanaingia. Jado anaingia, we unaingia. Alinisomea mwenyewe, kisha nikaomba nisome na macho yangu, juu Swahili yako naielewa. Nimeikopi hapa, herufi kwa herufi:

"14 Oktoba 2023. Uwera: Nimetoka kwa Mzee Wellars. Namba 9 si kweli. Madumu ya jirani zake yote ni makavu, robine ina utando wa buibui mdomoni. Lakini ndiyo safu iliyojaa kuliko zote na tayari nimeiweka kwenye maonyesho. Tuiache hivyo hadi baada ya Kigali."

Na Jado chini yake: "Na baada ya Kigali?" Hakuna jibu. Nimetafuta jibu na kidole, nikishuka. Mulikuwa munaongea mambo ya keki.

Uwera. Ile siku ulikunywa chai. Ulisema ni tamu. Ukaniuliza kama mugongo inaniuma. Uliona buibui, ukanisifia robine yangu namna inang'aa.

Mi nilidanganya juu ya haya, na juu ya ujinga, na juu ya makofi. Nimekuambia yote, hata yenye ilikuwa inaniuma. We ukanijibu "nimeshangaa kama ulivyoshangaa wewe". Ukaniandikia "ningejua mapema". Kisha ukanipa karatasi ya kusoma mbele ya watu wangu, na mustari yako ndani, ya kukuosha.

Sitaki unipigie. Andika. Jibu ifike mbele ya Jumanne.

Wellars


Kigali, 2 Machi 2024

Mzee Wellars,

Ni kweli.

Nimeandika kurasa nne za kueleza, nimezichana. Niliona buibui. Niliona madumu. Nilijua kabla sijaketi. Zilikuwa zimebaki wiki tatu, na namba 9 ndiyo ilikuwa safu nzuri kuliko zote, siku baada ya siku bila pengo, ndiyo niliyoionyesha kule ukutani nikasema tazameni raia wanavyojitolea. Watu walisimama wakapiga makofi, Mzee. Na mimi pia makofi yalinilevya. Kesho yake wakanipa kazi.

Nilijiambia nitasahihisha Desemba. Kisha nikajiambia namba moja kati ya hamsini haidhuru mtu.

Ule mstari kwenye karatasi, usiusome. Uruke. Jumatatu nitaandikia kikundi kizima na watu wa mradi, kwa jina langu, na ujumbe wenyewe nitauweka waone. Wakinifukuza huku, wanifukuze.

Bahasha hii naipeleka mwenyewe kwenye basi la kwanza ili uipate leo. Mwambie Saidati sina la kumwambia.

Uwera


Gisenyi, 7 Machi 2024

Uwera,

Barua yako ilifika Jumamosi saa kumi. Nikamutuma Niyonzima kwa Jado, Jado akakupigia, akakuambia usiandike kitu Jumatatu mupaka mi niseme. Nimesikia ulilia. Sawa.

Nikuambie namna ilikuwa.

Watu walikuja mingi, juu Bizimana alitangaza kwamba muzee atajivua nguo. Walikaa ku majani. Mukubwa wa mudugudu, kijiji yetu, akaniita, mi nikasimama na kofia, nikavaa miwani, nikasoma. Niliposema "zisizo za kweli", Xavérine akasimama. Akasema, "Miezi saba nashuka ziwani, goti zimekwisha. Na huko Kigali wanajua mi naoga kwa Wellars." Watu wakacheka, ile kicheko yenye inakata. Mi pia nilicheka, juu ilikuwa muzuri, yule mama anajua kuongea. Kisha akanyosha mukono, nikatoa funguo ku shingo, nikamupa. Hakuna mutu alipiga kura. Sasa mulinzi ni yeye.

Mutu wa mradi alikuwa anaandika. Akaniuliza, "Muzee, kuna mutu wa ule ukurasa alijua?" Akaweka kalamu juu ya karatasi, akangoja. Akaongeza, si kwa ubaya: "Juu kama walijua, hatuwezi kuamini hata namba moja. Tutatupa yote, tutaanza upya kuhesabu na miguu."

Nikamuuliza kuhesabu na miguu ni muda gani. Akasema mwaka. Labda moja na nusu.

Unamujua Cansilde wa Busasamana? Mulinzi wa robine kule juu, njia ya volkano. Yule alituma sufuri zake za kweli, zote, kila siku, na haya yake yote. Kwao wanachimba mwezi wa ine. Alikuwa amekaa pale mbele, alishuka na miguu kuja kusikia, na mutoto ku mugongo. Nilimutazama.

Nikasoma mustari yako. "Peke yangu, bila watengenezaji wa ukurasa kujua." Nilisoma muzuri kuliko zote, kama padri. Jado alikuwa nyuma, akatazama viatu vyake. Mutu wa mradi akaandika, akanipa mukono, akasema niko mwanaume.

Donc namba 9 imeingia. Watakuja kukagua juma kesho, watachimba mwezi wa sita kama hawatakuta jiwe. Busasamana haikuguswa. Saidati amesikia habari, amesema sawa, kisha akaomba nimukune chini ya plasta na kijiti.

Sasa sikia. Hutaandika kwa kikundi. Hutaandika kwa mradi. Ile chumba yenu yenye kufuli mutaacha vile iko. Ukijiosha sasa, Cansilde njo atakosa maji ya kunywa, na mi nitakuwa nimedanganya mara ya pili bure. Ulinipa mustari ya kubeba, nimeubeba. We beba yako, na uibebe ukinyamaza. Najua ni nzito kuliko kufukuzwa kazi. Nimekupa yenye nzito kusudi.

Usifikiri ni kwa upendo. Nilikupenda sana, nilikuwa nawaambia watu ku soko kwamba nimepata mutoto wa kompyuta bila kuzaa. Bizimana alichoka kusikia. Sasa akiniuliza habari yako namwambia iko kazi nyingi. Hiyo nayo ni uongo nakufanyia, weka ku hesabu.

Mambo ya barua tuishie hapa. Karatasi ya mujukuu imekwisha, na mwalimu amemuuliza nani anakula daftari.

Ukija Gisenyi kusalimia watu, salimia wote. Salimia Saidati, yeye hana moyo ya kukataa mutu. Kwangu upite tu. Mi nitakuwa ku kiti yangu mbele ya nyumba, nitakuona unatoka mbali, na nitajifanya nimelala.

Gakwaya